Uganga wa Kisu na Uganga wa Miti katika Nchi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wenyeji huueleza jina lake kwa maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Ati mgeni aingiaye alionywa autupe uchawi wake nje kwanza. Sitaki kubishana na maelezo hayo, ijapokuwa kila mchunguzi wa majina ya mahali ajua jinsi watu wapendavyo kulitungia jina hadithi baada ya jina lenyewe kwisha kuzeeka. La kutazamwa ni kwamba neno wanga si geni kwa msemaji wa Kiswahili cha pwani, ambako wanga ni wachawi watembeao usiku na kuwanga ndiyo kazi yao. Tena mji huu uamuruo uchawi utupwe wajulikana Tanzania nzima kuwa ni nchi ya waganga wenye nguvu. Mambo hayo mawili hayapingani. Mti umponyao mtu mkononi mwa mmoja waweza kumdhuru mkononi mwa mwingine, na kwa sababu hiyo historia ya tiba katika Ufipa haiwezi kuandikwa kama hadithi ya nuru iliyolifukuza giza.

Siku hizi husemwa sana habari ya kuunganisha tiba za asili, hasa zile za Wachina, na upasuaji mpya wa hospitali ambao hauupasui mwili wazi bali huingia kwa tundu dogo. Jambo hilo hutajwa kana kwamba ni la jana. Nataka kuonyesha kwamba katika Ufipa na pwani yake ya Ziwa Tanganyika muungano wa namna hiyo una historia ndefu, kwamba ulipata kushikwa na mtu mmoja ambaye jina lake lingalipo, na kwamba lugha yetu imeihifadhi historia hiyo vizuri kuliko vitabu vya hospitali.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja, ya kwamba mganga wa kale alikuwa na majani na mizizi tu, na kwamba chuma kilikuja na Mzungu. Chuma cha Ufipa ni cha Ufipa. Masalio ya tanuri za kuyeyushia mawe ya chuma, nyingine zenye kimo cha mita 3 na zaidi, yamesimama mpaka leo katika uwanda ule, na wachunguzi walioandika habari za wafua chuma wa Kifipa wote wataja kikapu cha dawa alichokuwa nacho fundi mkuu. Tanuri ilitiwa dawa kabla ya kuwashwa moto. Ilipambwa kama bibi arusi, kwa kuwa ilitarajiwa kuzaa. Basi kisu chenyewe kilizaliwa kwa uganga kabla hakijawa chombo cha uganga. Mganga, ambaye kwa Kifipa ni sing'anga, na wakiwa wengi ni asing'anga, alikitumia kuchanja chale: mikato midogo katika ngozi, juu ya mahali paumapo au penye viungo, kisha dawa iliyosagwa ikapakwa na kusuguliwa mpaka ikachanganyika na damu. Kadhalika, kama kwingi katika Afrika ya Mashariki, palikuwa na kuumika, ambako ngozi huchanjwa kidogo na pembe ikawekwa juu yake ili kuivuta damu mbaya. Watu wa pwani huiita pembe hiyo chuku au ndumiko. Msomaji atakumbuka kwamba kupiga chuku kumekuwa pia na maana ya kuyatia maneno chumvi. Huenda ni kwa sababu chuku huufurisha mwili kama msimulizi aifurishavyo habari yake, lakini sina ushahidi zaidi ya tabasamu la wazee nilipowauliza.

Fikra iliyo nyuma ya mikato hiyo ndiyo yenye uzito. Roy Willis, mtaalamu wa habari za makabila aliyekaa Ufipa kati ya miaka 1962 na 1964, aliona kwamba kwa waganga wa Kifipa ugonjwa ni jambo lililoingia kutoka nje, na swali la kwanza ni kujua limepita njia gani: kwa watu, kwa mizimu, au kwa pepo wa nchi. Ikiwa ugonjwa umeingia kwa njia, dawa nayo yataka njia. Chale ni mlango mdogo. Hapana haja ya kuubomoa ukuta wa nyumba ikiwa mlango watosha.

Sasa twende Karema. Mahali hapa pako pwani ya Ziwa Tanganyika, na leo pamo katika mkoa wa Katavi, uliokatwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Lakini kwa muda mrefu Karema na Ufipa zilikuwa chini ya uaskofu mmoja, na jimbo lililoitwa Karema ndilo lililopewa baadaye jina la Sumbawanga. Boma la Karema lilianzishwa na Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika mwaka 1879, na mwaka 1885 likapewa Mapadre Weupe. Wakazi wake wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wa makabila mengi, waliokutana pale bila kuwa na mganga mmoja wa kwao wala mizimu ya mahali pamoja.

Mwaka 1889 aliingia Karema kijana mmoja Mwafrika mwenye elimu ya udaktari ya Kizungu. Jina lake Adrian Atiman. Alikuwa amezaliwa karibu na Timbuktu, kando ya mto Niger, yapata mwaka 1866. Akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadre Weupe na kupelekwa Algiers. Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana Waafrika udaktari ili wakawe makatekista na waganga kwa pamoja, kwa hoja kwamba Mwafrika atastahimili nchi na kuwaelewa watu kuliko Mzungu. Mwaka 1881 ilifunguliwa nyumba ya vijana hao katika kisiwa cha Malta, nao wakasoma katika Chuo Kikuu cha huko. Atiman alipomaliza alipelekwa Zanzibar mwaka 1888, akatembea na msafara mpaka ziwani, na hakurudi tena kwao. Alikaa Karema miaka 67, hata alipofariki mwaka 1956.

Tuutazame mwaka huo alioondoka pwani. Mwaka 1888 watu wa mrima waliinuka juu ya Wadachi pamoja na Abushiri, na njia za misafara zikafungwa. Daktari aliyezoezwa kwa madawa ya Ulaya alijikuta mbali na bahari kwa safari ya miezi, na kila chupa aliyokuwa nayo ilikuwa chupa ya mwisho mpaka itakapofika nyingine. Hali hiyo ilirudi tena wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918, maana vita hiyo ilipiganwa hata juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Atiman alikuwa na mkono wa mpasuaji, nao ulimpa sifa. Lakini mkono wa mpasuaji haumwondolei mtu homa, wala haukaushi kidonda siku ya kumi. Basi alijifunza miti ya nchi kwa waganga wa nchi, akaijaribu, na ile iliyofaa akaitumia pamoja na madawa yake ya Ulaya. Mkewe alikuwa Mbende, na mimi naamini kwamba mlango huo wa unyumba ulimfungulia mengi, kwa kuwa elimu ya miti katika nchi zetu haitolewi kwa mpita njia. Hutolewa kwa mtoto, kwa mkwe, au kwa aliyelipa.

Hapa ndipo palipo na jambo lenyewe. Shirika la Atiman halikuwa na nia njema na waganga. Askofu Lechaptois, aliyeliongoza eneo hilo la Tanganyika tangu 1891 hata kufa kwake 1917, na aliyetoa mwaka 1913 kitabu kikubwa cha Kifaransa juu ya makabila ya nchi hizi, aliiona kazi yao kama mmisionari yeyote wa wakati wake. Mti ulikubaliwa, lakini swali la njia ya ugonjwa halikukubaliwa. Mganga alipokuwa akiuliza, “Nani umegombana naye?”, Atiman ilimpasa kuuliza, “Waumwa wapi?” Aliyachukua majani akayaacha maneno. Wako watakaosema kwamba ndivyo elimu inavyotakiwa kufanya, kuitenga nafaka na makapi. Na kwa upande wa dawa yenyewe labda ni kweli. Lakini mgonjwa aliyekatwa mguu Karema alirudi nyumbani na swali lake la kwanza likiwa bado halijajibiwa, na alimwendea mtu mwingine kulijibu. Muungano wa tiba ulifanyika nusu mkononi mwa Atiman, na nusu nyingine mgonjwa aliikamilisha mwenyewe usiku.

Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, zikachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Leo katika Sumbawanga iko hospitali ya kanisa inayoitwa kwa jina lake, na vibao vyake mara nyingi huliandika Atman, kwa kuwa ulimi wa watu umeimeza ile i. Waliomfundisha miti hawana kibao.

Turudi kwenye maneno. Shina ganga, la kufunga na kuponya, limeenea karibu nchi zote za Wabantu, nalo ndilo lililotupa mganga. Serikali ya Wakoloni ilipohitaji neno la daktari wake ililichukua hilo, na mpaka leo tuna mganga mkuu wa mkoa na mganga mkuu wa wilaya. Yule mwenye neno kwa asili akaongezewa kivumishi: mganga wa kienyeji. Mgeni alipewa jina tupu, mwenyeji akapewa jina lenye maelezo. Wakati huo huo sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilimweka mganga mashakani, kwa kuwa hakimu hakuwa na njia rahisi ya kumpambanua yeye aondoaye uchawi na yule autiaye.

Neno la pili ni chanjo. Dawa ya kukinga ndui ilipoletwa, ilitiwa mwilini kwa kukwaruza ngozi, na kila aliyeiona alijua mara moja hiyo ni nini: ni kuchanja. Hapakuhitajiwa neno jipya, na nadhani hapakuhitajiwa imani mpya pia. Neno limekaa hata baada ya mkato wenyewe kutoweka, hata twasema chanjo ya matone, ambayo mtoto humeza wala hachanjwi popote. Na katika miaka ya 1920 zilipoanza sindano za bismuthi za kutibu buba, watu wa Tanganyika walizikimbilia kwa maelfu, vidonda vikakauka mbele ya macho yao, na tangu hapo sindano ikapata heshima ambayo kidonge hakijaipata. Wazungu wengi walidhani ni ajabu ya elimu yao tu. Naona pia kwamba sindano ilikuta kiti kimekwisha kuwekwa: dawa ipitayo katika mlango mdogo wa ngozi ilikuwa ndiyo dawa hasa, tangu zamani za chale.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana Ufipa kwenyewe mwaka 1963 na 1964, nchi ilipokwisha pata uhuru. Walizuka watu waliojiita Kamcape, wa jamii moja na wale mcapi waliotoka Nyasa katika miaka ya 1930, wakapita vijiji kwa vijiji kuwafichua wachawi na kuwakinga wengine. Kinga yao ilikuwa chale yenye dawa. Kijiji kilichanjwa kizima, watu wakipanga mstari kama wapangavyo mbele ya bwana afya. Willis aliyashuhudia na kuyaandika mwaka 1968. Ni nani aliyemwiga mwenzake? Mstari ni wa Serikali. Wembe na unga ni vya sing'anga. Na fikra ya kuikinga jamii nzima kwa siku moja siwezi kuikata shauri ni ya nani.

Katika miaka hiyo hiyo walikuja Wachina. Madaktari wao wa kwanza walifika Zanzibar mwaka 1964, kutoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, kutoka jimbo la Shandong. Walikuja na upasuaji, na walikuja pia na sindano nyembamba zisizo na dawa ndani yake, zichomwazo mahali maalumu mwilini. Kwa watu waliojua kwamba sindano ni njia ya dawa, sindano tupu ilikuwa kitendawili. Lakini tofauti kubwa baina ya Wachina na sisi haikuwa katika sindano. Serikali ya China ilikuwa imeamuru kwamba tiba ya kale na tiba ya Magharibi zifundishwe na kutumiwa pamoja, na mwaka 1956 vilifunguliwa vyuo vya tiba ya Kichina katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Mwaka huo huo wa 1956 Atiman alizikwa Karema. Kule, muungano ulipewa walimu, vitabu na mitihani. Huku, ulikuwa umekaa katika kichwa cha mzee mmoja. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi mwaka 1991. Na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, nayo ikamrudishia mganga nafasi mbele ya Serikali, japokuwa neno tupu la mganga halikumrudia.

Wala tusidhani kwamba Wachina waliyabeba majani pamoja na maneno. Mti wao uliofika Ufipa kwa nguvu kuliko wote ni ule wa qinghao, uliotajwa katika vitabu vyao vya kale kuwa dawa ya homa. Bibi Tu Youyou na wenzake walitoa ndani yake, katika miaka ya 1970, dawa ya malaria, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tanzania iliichukua dawa hiyo, ikiwa imechanganywa na nyingine, mwishoni mwa mwaka 2006, na watu wakaiita mseto, kwa jina la chakula cha mchele na choroko. Mgonjwa aliyezidiwa hupewa dawa ya mti huo huo kwa sindano. Basi mama aliyempeleka mwanawe zahanati ya kijiji cha Nkasi akachomwa sindano hiyo amekutana na mti wa Kichina uliopita katika mlango mdogo, na hakuna aliyemwambia hivyo.

Umebaki upasuaji wenyewe. Katika hospitali zetu kubwa daktari sasa aweza kuingiza bomba jembamba lenye kamera tumboni kwa mgonjwa, kupitia tundu lisilozidi ncha ya kidole, baada ya kulijaza tumbo hewa ili apate nafasi ya kuona. Au kupitisha waya katika mshipa wa paja mpaka moyoni, kama ifanywavyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 2015. Kiswahili kimeuita upasuaji wa matundu madogo. Jina hilo halikutoka katika kamati ya lugha. Limetoka katika vinywa vya madaktari na waandishi wa magazeti, nalo ni zuri kuliko mengi yaliyotoka katika kamati. Kidonda ni kidogo, siku za kulala hospitali ni chache, na hatari ya kuoza hupungua.

Lakini tundu likiwa dogo, damu yapaswa kutii. Mpasuaji aliyepasua tumbo wazi aweza kuushika mshipa unaovuja kwa vidole. Anayetazama kwa kamera huona wekundu tu mbele yake. Na hapa mti hurudi, maana iko miti izuiayo damu kuganda upesi. Kitunguu saumu kilicholiwa kwa wingi kama dawa ni mfano ulio jikoni mwa kila mtu. Iko miti mingine wapewayo wanawake ili uzazi uende upesi, nayo huukaza mji wa mimba kupita kiasi, hata waweza kupasuka kabla kisu hakijawahi. Kwa hiyo suala la kuunganisha tiba si suala la kuamua kama ziunganishwe. Zimekwisha kuungana ndani ya mwili wa mgonjwa aliyeteremka kwenye basi asubuhi. Lililobaki ni kama mpasuaji anajua.

Na kujua kwategemea swali. Muuguzi amwandikaye mgonjwa huuliza, “Umetumia dawa yoyote?” Mgonjwa hujibu, “Hapana.” Wengi huuita uongo huo, au hofu ya kukaripiwa, na hofu ipo kweli, kwa kuwa karipio lipo. Lakini naona kuna jambo la lugha pia. Kwa miaka zaidi ya mia hospitali imefundisha kwamba dawa ni ile itokayo dirishani mwake, na vya kwetu vikaitwa mitishamba, mizizi, vya kienyeji. Mgonjwa amelipokea fundisho hilo kwa utii kamili. Hakunywa dawa. Alikunywa miti, na kuhusu miti hakuna aliyemwuliza.